Masika Kashindye Alipoanza Shule

Jumatatu, 2 Januari 1978

Daftari hili nimelinunua Ubaruku kwa ajili ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu wa kisomo amesema tuandike kila siku mambo ya nyumbani ili mkono usisahau. Mimi nilishafika darasa la nne zamani, kwa mapadri, kabla hatujahama na ng'ombe kuja Usangu. Kwa hiyo kisomoni nakaa mbele na kujibu kabla sijaulizwa, na wenzangu hawanipendi. Leokadia, mke wangu, akiniona na kalamu anauliza kama nimeacha kulima. Nikisema hapana, anasema ni vizuri nimemwambia, maana kwa macho haoni tofauti.

Leo Mwalimu Mkuu Joachim amepita nyumba kwa nyumba. Ni mtu wa Iringa, mrefu, mpole, suruali yake haishiki tope hata masika, sijui anapita wapi. Serikali imesema kila mtoto wa miaka saba na kuendelea aingie shule. Akaniuliza wangu ni wangapi. Nikasema wakubwa wawili wameolewa, amebaki kitinda mimba.

"Yuko wapi?"

Alikuwa miguuni pake. Binti yangu Kashindye alikuwa ameketi kwenye ngozi ya ng'ombe akichambua mchele, ungo juu ya mapaja yake membamba.

"Huyu?" Mwalimu akasema. "Ana miaka mingapi?"

"Tisa," Kashindye akajibu mwenyewe. "Na wewe?"

Mwalimu akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona miguu.

Ile homa ilimpata akiwa na miaka mitatu. Ilipoondoka iliondoka na miguu yote miwili. Tulimpeleka hospitali Iringa. Lori likatushusha Ipogolo, Leokadia akapanda mlima naye mgongoni mpaka mjini. Daktari akatuambia miguu hairudi. Akasema pia kwamba kichwa hakina ugonjwa wowote, akifikia umri tumpeleke shule. Tukaitikia. Kuitikia hakuna kazi.

Mwalimu Mkuu akavua kofia. "Mzee Nkuba, sikukatalii. Lakini sina wa kumbeba na madawati hayatoshi. Nitampokea kwa muhula huu. Mwezi wa sita nitaangalia. Kama leo amekuja, kesho amekosa, nitaandika kwamba hawezi shule. Na nikishaandika hivyo, sidhani kuna atakayekuja tena kuuliza."

Alipoondoka Leokadia akasema, "Watamcheka." Kisha akasema, "Na utampelekaje?"

Hapo ndipo penyewe. Kutoka kwetu mpaka shule ni mbuga tupu, udongo mweusi, na mvua zimeanza. Akiwa mdogo mama yake alimbeba popote. Sasa ni mzito, na mgongo wa Leokadia tangu mwaka juzi ukiinama hauinuki. Nyumbani Kashindye anatambaa, mikononi amevaa katambuga za tairi nilizomshonea. Katika tope la mbuga hata chura anafikiria mara mbili.

Nikasema nitafikiri. Leokadia akasema basi mwaka huu umekwisha.

3 Januari

Mvua kutwa. Nimefikiri.

5 Januari

Nimepata! Plau yetu tunaikokota kwenda shambani juu ya gogo lenye panda, limelala kama herufi V, ng'ombe wanalivuta kwa mnyororo. Linateleza juu ya tope kama sabuni. Kama linabeba plau, haliwezi kubeba mtoto?

Shida ni kwamba mimi ng'ombe wa kulima ninaye mmoja, naye anaitwa Karani kwa sababu anatembea kama mtu anayekwenda kupokea mshahara. Wa pili, Diwani, ni wa jirani yangu Maganga. Tunawaunganisha nira moja, leo tunalima kwake, kesho kwangu. Nikamwendea. Mkewe Verediana alikuwa anakaanga maandazi na masikio yake yote mawili yalikuwa kwetu. Huyu mama tunamwita Redio, ila redio inazimwa.

"Kabla ya jua tumpeleke," nikasema, "halafu moja kwa moja majarubani, kwenye mpunga. Hatutachelewa sana."

"Ng'ombe analima asubuhi tu, Nkuba," Maganga akasema. "Jua likipanda anakuwa ukuta."

"Najua. Nami Msukuma."

Akacheka. "Haya. Mtoto hana uzito kama plau."

"Leo hana," Redio akasema toka jikoni.

9 Januari

Siku ya kwanza. Nimetandika ngozi juu ya gogo, Kashindye katikati, amejishika panda zote mbili, sare yake mama yake kaishona kutokana na gauni lake la harusi ya binti yetu wa pili. Nikawaimbia ng'ombe. Tope likamrukia usoni, akacheka mpaka akapaliwa.

Tumefika giza halijaisha. Nimemweka barazani, mlango wa darasa umefungwa. Nikamwambia ngoja hapa. Akasema, "Baba, kwani naweza kwenda wapi?"

Tumelima kwa Maganga kwa kuchelewa. Alitazama jua, akaingia jarubani.

10 Januari

Hivyo hivyo.

17 Januari

Watoto wanaliita gogo "teksi ya Nkuba." Mvulana mmoja aliuliza nauli. Kashindye akamwambia nauli ni hesabu moja, na hawezi kulipa.

Jana walimfichia katambuga zake juu ya mlingoti wa bendera. Alikaa darasani mapumziko yote. Hakuniambia yeye, nimeona mikono yake imechubuka. Nikataka kwenda kusema na Mwalimu Mkuu. Akanizuia: "Ukisema wataficha na kalamu."

Mbegu kitaluni zimeota vizuri. Bwana shamba aliyesomea Uyole amepita, ametuonya tusiache miche izeeke kitaluni. Ikizeeka, ukiipandikiza inakaa kama mgeni asiyekaribishwa, haizai. Maganga alitikisa kichwa akiniangalia mimi.

26 Januari

Leo nimejifunza jambo na silipendi.

Kashindye alirudi na homa, midomo imepasuka. Leokadia akampa maji, akanywa kibuyu kizima, akanywa tena. Mama yake akamtazama.

"Mayu, mwanangu, hukunywa maji leo?"

Akageuza kibuyu kuona kama kimebaki tone.

"Jana?"

"Nakunywa nikirudi."

"Kwa nini?"

Akaanza kuvuta nyuzi za ngozi. Mwishowe akasema, "Choo ni kile cha shimo, kule nyuma. Wanaingia wengi. Mimi naingia kwa mikono."

Leokadia alisimama akatoka nje. Nikamsikia anapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Kwa hiyo tangu shule ifunguliwe mtoto wangu anaamka hanywi, anakaa jua mpaka jua bila kunywa, ili asitambae juu ya uchafu wa wenzake. Na mimi kila asubuhi nilikuwa namwambia ngoja hapa, nikienda zangu naimba.

27 Januari

Nimemwona Mwalimu Mkuu kuhusu choo. Amesema, "Tutaangalia."

30 Januari

Kashindye anakunywa maji shuleni sasa. Nikamuuliza imekuwaje, akasema mambo yamekuwa sawa. Nimemsifu sana Mwalimu Mkuu mbele ya watu kisomoni.

5 Februari

Sherehe za Chama kutimiza mwaka. Ngoma, hotuba, ndizi. Nilicheza mpaka mshipi ukakatika. Sitaandika zaidi.

8 Februari

Maganga amekuja ndiyo kwanza nimemaliza kufunga nira. Alisimama pale zizini, mikono nyuma.

"Mwangaluka, Nkuba."

"Mwangaluka."

"Diwani haendi shule leo."

Nikafanya mzaha, nikasema hata yeye amefukuzwa kwa karo? Hakucheka.

"Miche yangu inazeeka," akasema. "Kila siku tunaingia shambani jua limeshapanda. Majaruba yangu hayajafika nusu. Wewe huwezi kunishibisha mimi na watoto wangu kwa teksi."

"Ni muhula tu, Maganga."

"Na mvua nayo ni muhula tu. Acha tulime kwanza. Tukimaliza, mpeleke kila siku mpaka Mbeya ukitaka."

"Akikosa wanamfuta."

"Nkuba." Akasema kwa upole, na upole ndio ulioniudhi. "Yule mtoto hatalima, hataolewa. Shule ya nini? Mimi sisemi kwa ubaya."

Redio naye alikuwa njiani na sinia la maandazi kichwani, akipunguza mwendo.

Hapo ningemwambia: sawa, jirani, siku chache tulime kwako, halafu tuone. Angekubali, namjua. Badala yake nikafungua nira, nikamtoa Diwani, nikamkabidhi kamba mkononi kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Basi. Kila mtu na ng'ombe wake."

Akaizungusha kamba kwenye kiganja. "Utafunga nira na nani? Na wewe mwenyewe?"

Akaondoka naye. Kashindye alikuwa ameshakaa juu ya gogo na daftari kifuani. Hakwenda shule.

9 Februari

Leokadia amembeba kwa mbeleko kama zamani. Nilimwambia asifanye. Amerudi mchana anatembea ameshika ukuta.

10 Februari

Amembeba tena. Ameanguka kwenye ukingo wa mfereji, wote wawili wakaingia majini. Kashindye alishika nyasi. Leokadia hainuki kitandani. Maganga amepata ng'ombe wa kuunganisha na wake, wanalima tangu alfajiri, nasikia wanavyoimba.

13 Februari

Nimemfunga Chausiku nira.

Kwa asiyejua: Chausiku ni ng'ombe jike wa Leokadia, alipewa na baba yake, na maziwa yake ndiyo ya Kashindye. Msukuma hafungi jike nira mbele za watu ila amerukwa na akili au amefilisika. Tena Chausiku ana mimba. Nilijiambia bado changa. Nilimpapasa tumbo kama daktari, nikajiambia bado changa.

Anavuta vizuri kuliko Karani. Karani amefurahi, sasa anamwachia kazi yote.

Tulipopita karibu na mashine ya kukoboa mpunga wanaume walisimama. "Nkuba! Kesho utamfunga nani, mkeo?" Nikawapungia mkono. Wanasema mtu mnene hana aibu. Tunayo, iko ndani zaidi.

Leokadia aliuliza toka kitandani nani anavuta na Karani. Nikasema nimeazima.

14 Februari

Shule asubuhi, kisha nimelima na Chausiku mpaka jua kali.

15 Februari

Vilevile. Jaruba moja limekwisha. Kashindye amepata vema zote katika kuandika.

16 Februari

Chausiku halili sana. Joto, labda.

18 Februari, Jumamosi

Shule hakuna leo, kwa hiyo nikasema nilime kutwa. Niliwahi alfajiri. Tulipofika jaruba la pili Chausiku alisimama. Nikampiga kidogo. Akaenda. Akasimama tena, akainama nyuma, nikaona.

Sitaandika nilichoona. Kilikuwa kimeshaota manyoya.

Nilifungua nira, nikakaa kwenye tope. Karani akaanza kula majani ya ukingoni kama kawaida yake. Chausiku aligeuka akaanza kumlamba yule ndama aliyekuwa hayupo. Alilamba, alilamba. Nilijaribu kumwondoa akanitazama, nikaacha.

Nilizika pale pale pembeni mwa jaruba kwa jembe la mkono. Nikarudi naye nyumbani polepole.

Leokadia alikuwa amejikokota mpaka mlangoni. Alimwona Chausiku, damu miguuni, alama ya nira shingoni. Hakuuliza. Nilitegemea apige kelele. Nilikuwa na majibu ya kelele: kwamba mtoto lazima asome, kwamba Maganga ndiye aliyeanza, kwamba ni yeye Leokadia aliyeumia mgongo ningefanyaje.

Alikaa chini akaanza kumwosha Chausiku kwa maji ya moto na kitambaa. Alipomaliza ndipo akasema, bila kunitazama:

"Miezi hii yote unatafuta ng'ombe wa kumbeba mwanao."

"Nimetafuta nilivyoweza."

"Umetafuta wa Maganga. Umetafuta wangu. Nimebeba mimi mpaka nimeanguka mferejini." Akakamua kitambaa. "Wewe mgongo unao, Nkuba. Mpana kuliko mlango. Umeuweka wapi?"

Nikasema, "Mwanamume hafungi mbeleko."

"Ehe," akasema. "Jike ndilo linafungwa nira."

19 Februari

Sikwenda kanisani.

20 Februari

Nimekaa siku nzima na hilo neno. Nilijitetea kwamba ni shamba: nikimbeba asubuhi na kumfuata mchana, nitalima saa ngapi? Ni kweli. Lakini si kweli yote. Nyuma ya ng'ombe mtu ni mtu. Ana fimbo, anaimba, hata akibeba mtoto kilema juu ya gogo ni mkulima anayepita. Mtu mzima mwenye tumbo kama langu, mbeleko kifuani na msichana wa miaka tisa mgongoni, huyo ni kichekesho. Mimi napenda kuchekesha watu, lakini napenda kuchagua siku.

Kashindye hakwenda shule leo.

21 Februari

Hakwenda. Hajauliza. Anachambua mchele.

22 Februari

Nimefunga mbeleko.

Leokadia ndiye aliyenionyesha, kalala ubavu: inama, mrushe juu, vuta huku, funga juu ya ziwa. Nikamwambia ziwa ninalo. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumamosi, kisha akaacha kwa sababu ya mgongo.

Kashindye alinishika shingo kama anayezama. "Baba, una jasho."

"Bado hatujaondoka."

Hatukupita njia kubwa ya kwenye mashine. Kuna kijinjia cha wachunga mbuzi nyuma ya vichaka, kinazunguka sana na miiba yake ni mingi, ila hakina watu. Nikamwambia Kashindye njia kubwa ina tope zaidi.

23 Februari

Miguu yangu imevimba. Nimepanda kwa jembe la mkono kuanzia mchana mpaka giza. Kipande kidogo sana.

3 Machi

Miche iliyobaki kitaluni imegeuka njano. Nimeing'oa nikawapa ng'ombe. Mwaka huu tumepanda majaruba mawili, mwaka jana yalikuwa matano. Nimemwambia Leokadia tutakula mihogo. Amesema mihogo inapandwa na nani? Nimesema na mimi. Amesema basi tutaomba.

9 Machi

Mvua ya mawe. Nilimfunika Kashindye kwa mwili, nimepigwa mgongoni na kichwani. Tulipotoka chini ya kichaka akaniambia kichwa changu kimelia kama sufuria.

14 Machi

Leo nimeaibika kwa namna nyingine.

Nilifika shule mapema kumchukua, wako mapumziko. Nikamwona Verediana, Redio, ameweka sinia la maandazi juu ya jiwe na kanga juu yake. Amembeba Kashindye mgongoni, anakwenda naye kwenye nyumba ya walimu upande wa nyuma, kwenye choo cha sakafu ya saruji. Wakarudi. Alimkalisha, akampa andazi, akamnawisha mikono, akaendelea kuuza kama hakuna kitu.

Nikamfuata. "Mama, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Hili."

"Ah. Tangu ule mwezi wa kwanza. Mkeo alilia kisimani, nilisikia. Nikamwomba mke wa Mwalimu Mkuu choo, akakubali."

"Kumbe si Mwalimu Mkuu."

"Yule?" Akacheka. "Yule anaangalia."

Nikakosa pa kuweka macho. Siku ile ya nira na Maganga nilirudi nyumbani nikamtukana huyu mama mbele ya mtoto wangu. Na kesho yake, na kila siku ya shule, alimbeba. Nikamwambia, "Lakini ninyi mlinikatalia ng'ombe."

"Tulikatalia ng'ombe," akasema, akihesabu maandazi yaliyobaki. "Nina watoto sita, nao wanakula. Mtoto nani alimkatalia? Hebu nenda huko, unanifukuzia wateja na hiyo mbeleko."

Njiani nilimuuliza Kashindye kwa nini hakuniambia. Akasema, "Mama Redio alisema ukijua utakuja kushukuru na kuongea mpaka mapumziko yaishe."

26 Machi

Pasaka. Leokadia amekwenda kanisani akitembea na fimbo. Chausiku amepata nafuu ila maziwa hakuna.

11 Aprili

Mwalimu Mkuu amekuja kutazama daftari la Kashindye, kisha amenitazama mimi, mbeleko na yote. Alitaka kusema kitu akakohoa. Nikamwuliza mwezi wa sita ataandika nini. Akasema zile siku za Februari alizokosa zipo, hawezi kuzifuta, wakubwa wake watauliza. Hakuniahidi.

20 Aprili

Homa. Siyo yake, yangu. Nilimpeleka hivyo hivyo, nikatapika kwenye vichaka. Alinishikia kofia.

21 Aprili

Sikuweza kusimama. Nilimsikia Kashindye anavaa sare, amekaa mlangoni tayari. Kisha nikasikia Maganga nje. Nyayo zake nazijua.

"Mko wazima?" akasema. Leokadia akamweleza.

Nyayo hazikuondoka. Nikajua anamtazama yule mtoto na daftari lake.

"Nilete Diwani na mwenzake," akasema. "Sasa hatulimi."

Nikasikia gogo linavutwa. Sikuondoka kitandani. Nililia kama mjinga, nikasingizia homa.

22 Aprili

Nafuu.

24 Aprili

Maganga amemkuta Kashindye mgongoni mwangu tukitoka kwenye kijinjia. Akasema ng'ombe wapo, mbona nateseka? Nikamshukuru, nikamwambia siku ya homa nitamwita. Sijui kwa nini nilikataa. Labda ni kiburi tena. Labda nimezoea uzito wake. Asubuhi ananisomea sikioni, a, e, i, o, u, na mate yake.

8 Mei

Mpunga umetoa masuke. Ndege.

9 Mei

Ndege.

17 Mei

Tumeanza kuvuna, mimi na Leokadia, yeye anakaa chini na kusogea. Ukiuangalia mpunga wetu kwa mbali unaupenda. Ukiusogelea unaupenda kidogo. Hautavuka mwaka.

Leokadia ameniambia jana, tukiwa tumeketi kwenye mabua, kwamba mwanzoni hakutaka Kashindye aende shule. Alitaka Mwalimu akatae. "Niliogopa atazoea," akasema, "halafu wamtoe." Akaniuliza kama nadhani watamtoa. Nikafanya mzaha. Akasema, "Nkuba, jibu." Nikasema sijui.

2 Juni, Ijumaa

Kufunga shule.

Wazazi tulisimama uani. Mwalimu Mkuu alisoma majina darasa kwa darasa. Kashindye alikuwa mstari wa mbele, amekaa chini, katambuga mikononi kama mtu aliyevaa viatu vya kwenda mbali. Majina yakasomwa mpaka nikaanza kuona ukungu. Jina lake lilikuwa la mwisho, nadhani aliliacha makusudi ili apate kupumua.

"Kashindye Nkuba. Ataendelea." Akatazama karatasi, akatutazama. "Mahudhurio hayakutosha. Nimeandika sababu ni mvua. Kama wakubwa watauliza, mvua ilikuwapo."

Baadaye nilimfuata kumshukuru. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Usinishukuru, Mzee Nkuba. Mwakani ni tena. Choo nacho..." Nikamwambia najua, ataangalia. Akaona haya, nami nikaona haya kumtia haya.

Mwakani ni tena. Majaruba mawili. Mgongo wangu, nao si wa ng'ombe. Niliyawaza haya wakati naifunga mbeleko, na Kashindye akiwa juu nikageuka kuelekea kwenye kijinjia chetu cha mbuzi.

"Baba."

"Ehe."

"Siku hizi hakuna tope."

Kweli hakuna. Mbuga imekauka, imepasuka, unaweza kuendesha gari. Nikatafuta neno lingine. Nikataja nyoka, nikataja jua. Akasubiri nimalize.

Nikashika njia kubwa.

Kwenye mashine ya kukoboa walikuwa wengi, ni msimu. Wanaume wameketi juu ya magunia, pumba zimewajaa nywele, Maganga kati yao. Kelele za mashine zilikuwa kubwa, lakini mmoja aliniona, akamgusa mwenzake, mpaka wote wakageuka, na yule wa mashine akaizima kabisa ili asikose.

"Nkuba!" akaita mmoja. "Umejifungua lini?"

"Miaka tisa iliyopita," nikasema. "Ila uchungu umenianza mwaka huu."

Wakacheka, wakapiga magunia. Maganga hakucheka, alinyanyua mkono tu, akaushusha. Nikaongeza mwendo. Shingo ilikuwa inawaka, jasho linaingia machoni, nilitaka ule ukuta wa mashine uishe, nilikuwa karibu nakimbia.

Kashindye akanivuta sikio, kama ninavyomfanyia Karani.

"Polepole, Baba," akasema. "Nataka waone natoka shule."

Nikapunguza mwendo.